Chumvi ku Kapot ya Papa Sikuli

Kuko batu benye banauzaka rangi maisha yao yote na habajui rangi ni kitu gani. Papa Sikuli njo mumoja wao. Magazini yake, hapa Butembo, imejaa makopo ya rangi tangu chini mpaka ku plafon: ya mafuta, ya maji, ya mabati, ya milango. Ukimuuliza kopo ya kijani iko wapi, anakuonyesha na macho yamefungwa. Mais ukimuuliza sababu gani mulango yake mwenyewe, ile inaangalia jua ya saa nane, imepauka kama kisigino ya mutu wa shamba, anakujibu ni roho mubaya ya bajirani.

Siku jeep yake ilifika, quartier yote, mutaa muzima, ilijua, juu alipiga klakson tangu ku barabara kubwa mpaka mbele ya nyumba, na nyumba yake iko mbali. Jeep nyeusi. Nyeusi ya kweli, ile ukikaribia unaona ndani yake mpaka fasi ya meno yako yenye ilianguka. Alishuka pole-pole, muguu moja, akangojea batu baangalie, kisha ule mwingine. Mi nilikuwa nachambua maharagwe ku mulango yangu. Nilimaliza sahani nzima mbele amalize kushuka.

Jumamosi akaipeleka ku lavage ya Josaphat, kule chini pembeni ya muto Kimemi, fasi moto, zile pikipiki, na makamio ya mizigo yanaoshewa. Kule njo mujukuu wangu Solange anatumika. Nilimulea tangu mama yake alikufa. Ku ile lavage yeye peke yake njo mwanamuke. Mwanzo balimupatiaka matapi ya kukanyagia na mapine tu, na bavijana bakimuuliza kila asubui kama amepotea njia ya soko. Mbele Josaphat amupe kopo ya cire mu mikono, ile nta ya motokari, ilipita miaka mbili. Leo, mutu mwenye anapenda motokari yake anasema tu: «Mupatie Solange.»

Cire, mi njo nilimufundisha, hata kama sina motokari. Nilijifunza kwa ba-sœur, bale bamasista ya Lubero. Busichana yangu niliipitisha magoti chini, napiga cire ku saruji nyekundu ya parloir, chumba ya bageni, mpaka sœur aone kilemba yake ndani. Saruji ao jeep, kazi ni moja. Unaosha na maji mingi. Unakausha. Unapaka kidogo sana, kama unapaka mutoto mafuta pembeni ya jicho. Kisha unangojea. Kungojea njo kazi yenyewe, na njo pale batu ya haraka banashindwaka. Ikikuwa kama ukungu, unapanguza na kitambaa ingine, laini, yenye haijagusa chini hata mara moja. Ikigusa chini, hiyo haiko tena kitambaa, ni papier ya kukwangua ya fundi mbao.

Tena kuko polish na kuko cire, batu banachanganyaka. Polish inakwangua. Ni ya rangi yenye imekwisha kuchoka, inaondosha ngozi ya juu, kidogo. Ukiipiga kila wiki, siku moja utafika ku chuma. Cire haiondoshe kitu. Inakaa juu, inapokea jua na vumbi mu fasi ya rangi. Mutoto wa darasa ya pili anaelewa.

Papa Sikuli si mutoto wa darasa ya pili. Alifika ku lavage wakati Solange amekwisha kuosha, kukausha na kupiga cire ku kofre ya nyuma, fasi ya mizigo, na sasa alikuwa anaenda ku kapot, kile kifuniko ya moteri kule mbele.

«Weye! Unapaka nini ku motokari yangu?»

«Cire, Papa. Juu ya jua. Nyeusi inakunywaka jua kupita rangi zote.»

«Acha! Kesho padri anaibariki. Baraka itafika namna gani ku chuma kama umefunika na mafuta?»

«Mais Papa, batu nao padri anababarikiaka na manguo bamevaa.»

Josaphat alicheka. Kisha akakumbuka makamio tatu ya Papa Sikuli yenye inaoshewa kwake, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

«Funga kopo yako,» Papa Sikuli akasema. «Kofre umekwisha kuiharibu, bon, ibaki vile. Kapot hapana gusa. Kapot njo uso.»

Solange akafunga kopo. Mangaribi akanieleza yote, tukacheka mpaka mboga ya sombe ikaungua ku moto.

Basi Jumapili. Mi njo naangaliaka sakristi: nafua manguo ya altari, nasugua vinara, na siku ya kubariki natayarisha maji na chumvi ku kisahani. Chumvi ni ya vidole tatu tu, hivi, kama unaonja muchuzi ya mutu mwingine. Nilikuwa naitia wakati Papa Sikuli aliingia bila kupiga hodi, na kostime yenye ilikuwa inapiga kelele ikitembea.

«Mama Kavuo, hiyo chumvi ni ya nini?»

«Ya motokari yako, Papa.»

«Hiyo? Hiyo ni ya moto ya taximan! Yangu ni jeep. Ongeza.»

Nilimuangalia. Mi najua chumvi inafanyaka nini ku kitu yenye kungaa. Siku moja tone ya maji ya baraka ilikauka ku kinara, nikasugua wiki nzima, na alama iko pale mpaka leo. Ningeweza kumuambia. Nikakamata kijiko ya supu, nikatia moja imejaa.

«Tena,» akasema.

Nikatia ya pili.

«Tena.»

«Hapana, Papa,» nikasema. «Ya tatu ni ya askofu.»

Akakubali! Akatoka anajivuna kama mutu amepewa parcelle ya kujenga mbinguni. Na mi, sitaficha, roho yangu ilicheka misa yote, mpaka ku komunyo.

Misa ikisha, tukatoka ku kiwanja. Padri akanyunyiza: kapot, milango, juu, kofre. Papa Sikuli akamuomba arudie ku kapot. Padri akarudia. Kisha akasema, na batu bote balisikia: «Papa, sasa mupanguze. Iko na chumvi.»

Papa Sikuli akainua mukono kama polisi ku barabara.

«Monsieur l'abbé, baraka habaipanguzake!»

Padri alikuwa na ubatizo ya batoto kumi na moja benye balikuwa banalia kwa sauti moja. Akaenda. Jeep ikapelekwa mbele ya nyumba ya Papa Sikuli, ikasimama ku jua tangu saa ine mpaka saa nane, wakati ndani banakula kuku. Ku kofre, kwenye cire, matone ilikaa mviringo, kisha upepo na muteremuko ikaishusha yote chini. Ku kapot ilikauka pale-pale. Ikakuwa meupe, kila moja kama alama ya chanjo ku mukono.

Ungesema mutu ataona, atatafuta maji. Papa Sikuli aliona, na akafurahi. Alisimamishaka batu njiani: «Unaona? Baraka imeshika.»

Tangu ile siku, kila asubui tulikuwa na théâtre. Vumbi yetu ya kiangazi munaijua, ile nyekundu. Haiko unga, ni mawe madogo. Inalala ku motokari ya maskini na ya tajiri bila kuuliza. Sasa yeye anatoka na singlet, tumbo mbele, na kikwembe, kitenge ya zamani ya bibi yake wa ndoa Mama Emérence, ile ya ndege ya bluu, kikwembe mukavu, bila tone moja ya maji, na anasugua. Anazungusha mukono, anazungusha. Ile mawe madogo inalia chini ya kikwembe, krr, krr, mi naisikia ku mulango yangu. Na akifika ku alama ya baraka, hagusi. Anaizunguka, kama mutu anapalilia maharagwe na anaogopa kukata shina.

Siku moja Solange, akienda kazi, akasimama.

«Papa, samahani. Mimina maji kwanza, vumbi ishuke. Ukisugua vile unakwangua.»

«Unatafuta kazi, binti?»

«Kazi niko nayo, Papa.»

«Basi ikimbilie, isikuache.»

Mwezi moja ile jeep haikuona maji isipokuwa ya mvua, na mvua ilikuwa imetusahau. Kapot ikaanza kufa. Ile nyeusi ya meno ikakuwa nyeusi ya sufuria, kisha ya majivu, na ndani yake mistari ya kuzunguka, mingi sana, kama nyumba ya buibui. Kofre hapana. Kofre iliendelea kungaa kule nyuma, kama mutoto mwenye adabu mu familia ya balevi.

Kisha kukakuwa safari ya Beni. Binti yake alikuwa anaolewa kule, na Papa Sikuli akapeleka wazee kuonana na bakwe, ku Mulekera. Mama Emérence mwenyewe alitueleza, pale shirika yetu ya bakristu ilisali ku nyumba yake, na alieleza akiangalia dirisha. Balifika muzuri, barabara ilikuwa na masumbuko kidogo tu. Papa Sikuli akasimamisha jeep kapot mbele, karibu na viti, ili uso uonekane. Shangazi ya muoaji, mama mumoja anaitwa Élise, bibi ya mutu wa serkali mwenye alitoka mbali, akazunguka motokari mara mbili, mikono nyuma. Kisha akauliza na sauti ya huruma:

«Papa mukwe, na hii iko na surua tangu lini?»

Bote bakacheka, hata wazee ya Papa Sikuli, hata binti yake. Mpaka banaondoka, batoto ya Mulekera balikuwa banakimbia nyuma bakiimba «Surua! Surua!»

Mutu mwenye akili angerudi akauliza: nilifanya nini? Papa Sikuli alirudi akauliza: nani?

Kesho yake, saa tatu ya asubui, Solange ananiitia ku telefone. Sauti yake ilikuwa ndogo.

«Mukaka, nyanya yangu, Papa Sikuli eko hapa. Anasema niliweka asidi ku motokari yake. Anataka Josaphat anifukuze.»

Nilielewa mara moja. Ku Butembo, binti mwenye amefukuzwa juu ya asidi, hakuna lavage ingine itamupatia hata ndoo. Bangesema: ni ule. Miaka yake yote ya matapi ingeenda mu maji ya Kimemi. Na mi peke yangu nilijua ile maneno ilianzia mu kijiko gani. Nilipita ku sakristi, nikatia kile kijiko mu mufuko ya koti, nikashuka mulima. Niko mutu wa pole, mais ile siku nilishuka kama mbuzi.

Nilikuta batu bamezunguka. Jeep katikati. Papa Sikuli alikuwa amevaa tena ile kostime ya kelele.

«Josaphat, chagua,» alikuwa anasema. «Ao huyu binti, ao makamio yangu tatu. Nilimukataza mafuta yake, akakasirika, akalipiza!»

Solange alikuwa amesimama na ndoo ku miguu, kitambaa mu mukono, amekunja mara ine kama nilimufundisha. Hakulia. Bale bavijana ya lavage, benye banakunywaka soda yake kila Jumamosi, balikuwa banaangalia viatu yao kama kule kumeandikwa habari.

«Wavukire, Papa Sikuli,» nikamutolea salamu ya asubui.

«Mama Kavuo, hii haiko maneno ya bamama wazee.»

«Najua, Papa. Nakuja tu kuangalia motokari. Mais macho yangu imechoka, unisaidie. Hapa niko mbele, ao nyuma?»

«Nyuma. Ni kofre.»

«Ah. Inangaa. Naona kilemba yangu. Nani alipaka cire hapa?»

Akakohoa. «Ni yeye. Bila ruhusa.»

«Na jua yenye inapiga hapa, ni ingine na ile ya kapot?»

Kijana mumoja akacheka ku pua. Nikatembea pole-pole mpaka mbele, nikashika kapot na mukono, juu nilikuwa nimechoka na mulima, na tena juu nilitaka angojee.

«Sasa Papa, inama. Inama, kostime haitapasuka. Unaona hii doa? Unaona hii mistari? Inafika karibu na doa, inazunguka, inaenda. Hii nayo inazunguka. Unitafutie mustari moja yenye inapita juu ya doa.»

Hakutafuta. Josaphat njo alitafuta, kidole yake karibu kugusa chuma.

«Hakuna,» akasema.

«Kama Solange alimwaga asidi sasa, hii mistari ya mwezi muzima ilijua namna gani fasi ya kuzungukia? Mutu mwenye alisugua alikuwa anajua doa iko pale, na alikuwa anaichunga. Ni nani, Papa? Ni nani anatokaka asubui na singlet, na kikwembe ya ndege ya bluu?»

Pale bote bakapasuka. Mutu mumoja akasema, «Krr, krr,» na bengine bakajibu, «Krr!» Nilizania imeisha. Mais mutu mupumbafu akifika ku ukuta, anapandaka. Papa Sikuli akainua sauti:

«Na doa yenyewe? Doa! Ilitoka wapi? Unataka kusema ni maji ya padri? Muko bakristu hapa? Munasikia? Huyu mama wa sakristi anasema baraka ya Mungu inachoma motokari!»

Kicheko ikakufa. Bamama mbili benye balikuwa banapita na vitunguu bakasimama, bakafanya musalaba. Josaphat akaangalia makamio, akaangalia mbingu, akapanguza mikono ku suruali.

«Solange, mutoto wangu,» akaanza, «pengine ungepumuzika kidogo ku nyumba, kisha tuta…»

Solange akaweka kitambaa juu ya ndoo, pole sana. Alikuwa amekwisha kuelewa.

Njo pale nilitosha kile kijiko mu mufuko.

«Baraka haikuchoma kitu,» nikasema. «Ni chumvi. Na chumvi ni mi niliitia, na hii kijiko, mara mbili, imejaa. Kawaida ni ya vidole tatu. Papa aliniomba niongeze juu jeep ni kubwa. Mi nilijua itafanya nini. Mi nasugua vinara, najua. Nilinyamaza juu nilitaka kumucheka. Nikamucheka mwezi muzima, ku mulango yangu, na muzigo inaangukia mutoto. Kama kuko mutu wa kufukuza, munifukuze mi ku sakristi. Huyu alisema cire, akakatazwa. Alisema maji, akatukanwa. Padri alisema mupanguze, kiwanja yote ilisikia. Batu tatu balikuwa na kinywa ya kumuambia, na bawili balisema. Mwenye alinyamaza ni mi.»

Bale bamama ya vitunguu baliniangalia na macho ya Jumapili, nilijua habari itafika ku shirika mbele yangu.

«Vijiko mbili?» Papa Sikuli akauliza, na sauti ya mutu mwenye ameibiwa.

«Uliomba tatu, Papa. Nilikunyima moja.»

Josaphat njo alianza kucheka, na safari hii hakuigeuza kikohozi. Alicheka ameinama, mikono ku magoti. Akisha kucheka, akapanguza macho, akasema: «Solange, kamata ndoo. Tuna kazi.»

«Na makamio yangu?» Papa Sikuli akapiga kelele.

«Ulete, Papa. Iko na matope. Na hii jeep uiache. Ku muji yote mutu mwenye anaweza kukuponyea surua ni huyu.»

Akaangalia barabara, akaangalia kapot. Fasi ya kwenda hakuna. Kule ku lavage ingine banaoshaka na magunia. Akatoa ufunguo, akamupatia Josaphat. Hapana Solange. Josaphat njo akaupitisha mu mukono ya Solange, mbele ya macho yake.

Solange alimimina ndoo kumi na mbili mbele ya kugusa. Kisha polish, mara moja tu, pole, muraba moja kisha ingine, juu ile ngozi ilikuwa imebaki kidogo. Kisha cire, na kungojea. Mangaribi mistari mingi ilikuwa imeenda, na doa mingi pia. Mais zile kubwa, za pale padri alirudia, zilikula mpaka chini ya vernis, ile ngozi ya juu yenye kungaa. Hizo zitabaki. Solange alimuambia bila kucheka, na mi sijui namna gani aliweza.

Mi nilienda kwa padri, nikamueleza kijiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, mukono ku kinywa. Akaniachia ufunguo ya sakristi. Chumvi akaikamata mwenyewe. Tangu ile siku anaitia na mukono yake, vidole tatu, na mi nasimama pembeni na kisahani kama mutoto wa komunyo ya kwanza. Ni haki. Sina la kusema.

Papa Sikuli hanisalimie tena, na usingizi yangu ni muzuri. Jeep yake anaileta kwa Josaphat kila Jumamosi, anasimama mbali, anajifanya anaongea na telefone, mpaka Solange amalize. Na Jumapili, wakati kengele ya pili inapiga na kiwanja imejaa batu, tunasikia motokari inalia ku mulango mukubwa, bamama banashika batoto, bazee banaruka pembeni: Papa Sikuli anaingiza jeep ku kiwanja ya kanisa kinyumenyume, shingo imepinda, jasho ku kola, mpaka kofre inasimama mbele ya bakristu bote, nyeusi, inangaa, na kapot inaangalia ukuta.